Donge la Nywele za Tunu

Kitendawili.

Nimewasikia, mmesema tega. Basi sikilizeni: nina shamba juu ya kilima, halijapandwa mbegu hata siku moja, lakini kila wiki linalimwa matuta mapya, na jembe likipita mwenye shamba analia.

Mmeshindwa? Haya, nipeni mji. Mmenipa Mbagala, nimeupokea. Nimekwenda Mbagala, nimekula, nimekunywa, nimerudi. Jibu ni kichwa cha mtoto wa kike siku ya kusukwa, na jembe lenyewe ni kitana. Na huko huko Mbagala mlikonipeleka, mtaa wa Charambe, ndiko alikokuwa akikaa mwenye shamba wa hadithi hii. Jina lake Tunu.

Tunu alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita. Kila Jumapili, akishatoka madrasa na kula wali wake, alifumua nywele zake, akaziosha, kisha akaenda nyumba ya tatu kutoka kwao kusukwa na Mama Flaviana.

Mama Flaviana jina lake hasa ni Yustina. Alitoka Masasi akiwa msichana, akaolewa Dar es Salaam, akafiwa na mume, akabaki na binti mmoja. Kazi yake ilikuwa ususi. Hakuwa na saluni yenye vioo na viti vya kuzunguka. Saluni yake ilikuwa kibaraza chake, mkeka mmoja, kigoda kimoja na kopo la mafuta ya nazi. Kwa vidole vyake kumi alilipia chumba, akapika ugali, akamvalisha sare binti yake Flaviana, ambaye shuleni alikaa dawati moja na Tunu.

Watu walimpenda kwa sababu hakuwa na papara. Alipaka mafuta kwanza, akaanza kuchana kwenye ncha, akapanda polepole mpaka kwenye shina. Alikuwa akisema kwamba nywele hazigombwi, hubembelezwa. Hakubana sana pia. Mtoto akisukwa mpaka akashindwa kufumba macho, alisema, huyo hakusukwa, ameadhibiwa.

Na kulikuwa na jambo moja ambalo hakulisahau kamwe. Zile nywele zilizong'oka kwenye kitana alizikusanya, akazisokota kwa vidole mpaka zikawa donge dogo kama kunde, akaliweka kwenye kiganja cha mwenyewe na kumwambia, mali yako hii, kafukie. Pale mtaani hilo halikuwa jambo la mzaha. Wakubwa walisema nywele za mtu hazitupwi ovyo, kwamba zikiangukia mkono mbaya mwenyewe anaweza kufanyiwa jambo. Msusi asiyerudisha donge hapati kichwa cha pili. Na kwa kuwa Mama Flaviana alikuwa mtu wa kuja, asiye na ndugu pale Charambe, alijihadhari mara mbili.

Jumapili hiyo ninayoisimulia, alimsuka Tunu twende kilioni, ile mistari inayotoka usoni ikaenda moja kwa moja kisogoni. Jumamosi iliyofuata ilikuwa harusi ya Munira, mama yake mdogo Tunu, na kila mtoto wa ukoo alitakiwa apendeze. Tunu alipewa donge lake. Akalifukia nyuma ya nyumba, chini ya mgomba, akaenda zake kucheza.

Siku ya Jumanne wageni wa harusi wakaanza kuingia. Akaja binamu yake, Rukaiya, kutoka Mbezi Beach. Rukaiya alikuwa na miaka kumi na mitano, na nywele zake zilikuwa zimetiwa dawa, zinalala mabegani, akigeuza shingo nazo zinageuka. Wasichana wote wakakusanyika kitandani kuzishika. Kisha Rukaiya akamtazama Tunu.

"Wewe mpaka leo unasukwa twende kilioni?" akauliza. "Kwetu hivyo wanasukwa watoto wa chekechea. Halafu kipilipili chenyewe hicho, kitana kinatoka hakina meno."

Wasichana wakacheka. Tunu naye akacheka, tena kuwashinda wote. Kicheko cha namna hiyo mnakijua, kinatoka mdomoni lakini kinauma tumboni.

Sasa juu ya kabati kulikuwa na kopo la dawa ya kulainisha nywele. Mama mdogo Munira alikuwa amejipaka, akalibakiza. Alhamisi mchana mama yake Tunu akaenda sokoni Rangi Tatu na wageni. Tunu akasema kichwa kinamuuma, akabaki. Walipopotea kwenye kona tu, akapanda juu ya kiti, akalishusha lile kopo.

Kopo lilikuwa na maelezo ubavuni, ya Kiswahili kabisa. Tunu hakuyasoma. Alifumua ile mistari, akachota dawa kwa vidole vitupu, akajipaka kuanzia kwenye ngozi, kisha akajifunga mfuko wa plastiki kichwani. Alikuwa amewasikia dada wa mtaani wakisema dawa ikiwasha ndiyo inafanya kazi. Basi ilipoanza kuwasha, akafurahi. Ilipoanza kuchoma, akauma meno. Alijiona keshokutwa ameingia harusini, anageuza shingo na nywele zinageuka.

Aliposhindwa kuvumilia alikimbilia ndoo. Wageni walikuwa wameoga asubuhi, maji yalibaki kata mbili tu chini. Akajimwagia, akasugua kwa sabuni, machozi yanamtoka. Na nywele zikabaki mikononi. Hazikubaki moja moja, zilikuja kwa mafungu, kama makuti makavu. Juu ya sikio la kulia na katikati ya utosi palibaki ngozi tupu, nyekundu, upana wa kiganja chake.

Tunu alikaa chini bafuni muda mrefu. Kisha akainuka, akalizungushia kopo gazeti, akalitumbukiza kwenye shimo la choo. Akajifunga mtandio mpaka kwenye nyusi.

Ijumaa asubuhi mama yake akamwita atazame kama mistari bado imekaa vizuri. Tunu akasema imekaa. Mama akasema hebu. Tunu akarudi nyuma hatua moja, na mama, aliyezaa watoto wanne, akaujua mwendo huo. Akauvuta mtandio.

Akakaa kitandani polepole.

"Tunu. Kichwa kimefanya nini?"

Tunu akasema nywele zimetoka zenyewe alipofumua. Mama akamgeuza kichwa huku na huku. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Jumapili, Mama Flaviana alikupa donge lako?"

Hapo, wajukuu zangu, Tunu aliona mlango umefunguka. Hakuutafuta yeye, umefunguliwa na mama yake mwenyewe. Akipita, hakuna kopo, hakuna dawa, hakuna kofi.

"Hakunipa," akasema.

Neno lilimtoka jepesi, kama mbegu ya papai inavyoteleza mdomoni.

Mama Tunu hakuwa mwanamke mbaya, lakini siku hiyo aliogopa, na mtu mwenye hofu hasubiri. Alimshika Tunu mkono mpaka kibarazani kwa Mama Flaviana. Pale palikuwa na wanawake wawili, mmoja amekaa mkekani anasukwa, mwingine anasubiri zamu. Mama Tunu akasema hakuja kugombana, amekuja kuuliza tu. Nywele za mwanawe zimetoka, na donge lake la Jumapili halionekani. Liko wapi?

Kitana kikasimama. Mama Flaviana akajibu kwamba alimpa mtoto mkononi.

"Mwenyewe anasema hukumpa," akasema Mama Tunu.

Mama Flaviana akamgeukia Tunu. Hakukasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika.

"Tunu mwanangu, niangalie. Nilikupa au sikukupa?"

Tunu akatazama vidole vyake vya miguu. Aliona udongo kwenye kucha ya kidole gumba. Aliona uzi mweusi umeanguka kwenye sakafu.

"Unaona?" mama yake akasema. "Mtoto anakuogopa."

Yule mwanamke wa mkekani akainuka, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, akasema amekumbuka kuna nguo ameanika. Yule wa kusubiri zamu akamfuata. Hata wao hawakusema neno baya. Waliondoka tu.

Harusi ilifanyika. Kule ndani kwa wanawake watu walivua mitandio, wakacheza na kujipepea. Tunu alikaa pembeni amejifunga vilevile, jasho linamchuruzika shingoni na kuingia kwenye kidonda. Rukaiya akamwuliza kama amekuwa ustadhati wa madrasa siku hizi. Tunu akatabasamu, akaomba maji. Pilau ya siku ile hakuijua ladha yake.

Jumapili ikafika, na kibaraza cha Mama Flaviana kikawa kitupu. Mkeka ulitandikwa, kigoda kikawekwa, jioni vikaingizwa ndani. Jumapili ya pili vilevile. Wanawake walipita upande wa pili wa njia wakiwa wameshika vitana vyao, wanakwenda kusukwa mtaa wa mbali. Wakimsalimia, walisalimia huku wanatembea.

Shuleni habari ilikuwa imefika kabla ya kengele. Wasichana wakamwambia Flaviana asiguse vichwa vyao. Kila akipita walishika nywele zao kwa mikono miwili na kusema, "Rudisha donge." Flaviana mwanzoni aligombana nao, kisha akazoea kukaa darasani wakati wa mapumziko. Tunu aliyaona yote hayo kutoka kwenye dawati lao, maana walikaa pamoja, begani kwa bega, na siku zile hakuna aliyekuwa na la kumwambia mwenzake.

Kidonda cha Tunu nacho kilianza kutoa maji. Mama yake alikuwa akitafuta mtu wa kukisomea dua, zahanati hakuikumbuka. Kwake yeye, ugonjwa ule ulikuwa wa donge.

Siku ya Jumatano, baada ya masomo, Flaviana akamsubiri Tunu nje ya geti. Akamtolea kichupa kutoka kwenye mfuko wa daftari.

"Mama amekupa hii," akasema. "Mafuta ya nazi, ameyakamua mwenyewe. Amesema upake pembeni ya kidonda, usipake juu yake, na usijikune."

Tunu akakishika kile kichupa, kilikuwa bado na joto la mfuko. Akauliza kwa nini mama yake ampe.

"Nilimwuliza hivyo hivyo. Akasema kichwa chako amekisuka tangu una miaka minne, hawezi kukiona kinaoza." Flaviana akaangalia barabarani. "Tunachukua basi la Masasi mwezi ujao. Amesema huku hakuna tena cha kusuka."

Tunu alifika nyumbani bila kujua njia aliyopita. Mama yake alikuwa uani anachambua mchele kwenye ungo. Tunu akamwamkia, akasimama. Alitaka kusubiri mama amalize ungo ule. Kisha akaona kwamba akisubiri ungo, atasubiri na sufuria, halafu atasubiri basi liondoke.

"Mama," akasema, "donge alinipa."

Mkono wa mama ukasimama juu ya mchele.

"Nililifukia kwenye mgomba. Nywele nilizichoma mie mwenyewe, kwa dawa ya mama mdogo. Kopo nimelitupa chooni."

Alisubiri kofi. Alilitamani hata, lingemaliza jambo. Halikuja. Mama aliweka ungo chini, akajifunika uso na kanga, na Tunu akaona mabega yake yanatikisika. Alipojifunua alisema neno moja tu, kwamba yeye, mtu mzima, amekwenda kumwaibisha mwanamke wa watu mlangoni kwake.

Asubuhi walianzia zahanati. Muuguzi alikitazama kidonda na kuuliza dawa ilikaa muda gani. Tunu akasema ukweli. Muuguzi akamnyoa nywele zilizobaki, akaosha, akapaka dawa, akampa na vidonge vya kumeza, huku akimweleza kwamba dawa ya kulainisha nywele ni kali. Inavunja nywele ili zilale, na ikigusa ngozi inaiunguza kama moto. Si kitu cha mtoto, na hata mkubwa hukipaka kwa glavu, kwa muda ulioandikwa. Ikichoma, ni kuosha mara moja kwa maji mengi na kumwambia mkubwa. Akamgeukia mama na kusema kwamba kidonda kingeletwa siku ya kwanza kisingefika hapo. Mashina mengi hayajafa, nywele zitaota, ila taratibu.

"Nilidhani ni mambo ya donge," mama akasema, macho chini.

"Nywele zilizofukiwa na zisizofukiwa zote ni nywele, mama," muuguzi akajibu. "Kichwa kinachouma kileteni kwetu."

Kutoka pale mama hakwenda nyumbani. Alipita kwa wale wanawake wawili waliokuwepo siku ile, akawaomba wafuatane naye. Mama Flaviana alikuwa kibarazani anakunja nguo na kuzitia kwenye mfuko mkubwa. Flaviana alikuwa ndani, hakutoka. Tunu akavua mtandio. Hakuna aliyemwambia avue. Upepo ukamgusa kichwa kilichonyolewa, chenye madoa mekundu, mbele ya watu wote, akahisi kama amesimama hana nguo.

"Shikamoo, Mama Flaviana."

"Marahaba."

"Uliniuliza kama ulinipa au hukunipa." Akaushika mtandio kwa mikono miwili. "Ulinipa. Nilidanganya. Nilijiunguza na dawa."

Wale wanawake wakatazamana. Mmoja akajishika kinywa. Mama Tunu akapiga magoti pale kwenye sakafu, akasema yeye ndiye aliyeubeba uongo wa mtoto bila kuupima, na kwamba anaomba radhi. Mama Flaviana akamwinua, akamwambia mtu mwenye mtoto mgonjwa huwa haoni vizuri. Lakini Tunu hakumtazama, akarudia nguo zake.

"Mama Flaviana," Tunu akauliza, "utanisamehe?"

Mama Flaviana alikunja gauni moja, akalikunja mara ya pili ingawa lilikuwa limekwisha kunjika.

"Swali hilo usinihimize, mwanangu," akasema.

Njiani Tunu alilia kwa sauti. Akasema ameshasema ukweli, sasa mbona hakujibiwa. Mama yake akamkalisha kwenye tofali la nyumba iliyokuwa ikijengwa.

"Sikiliza," akasema. "Ulidhani ukweli ni kama kulipa nauli, ukitoa umeshashuka? Nywele zako umeziunguza, zitaota zenyewe, hata ukilala zinaota. Jina la mtu haliotagi hivyo. Ukiliunguza, itabidi utembee mlango kwa mlango ulirudishe, na mie nitakwenda na wewe, kwa sababu tuliliunguza wote wawili. Ukikosea, sema siku ile ile, wakati jeraha bado ni lako peke yako."

Wakatembea. Jioni ile, na Ijumaa, na Jumamosi kutwa. Kila mlango Tunu alivua mtandio na kusema maneno yale yale, na hayakuzoeleka. Kwenye nyumba moja vijana walimcheka. Kwenye nyingine bibi mmoja alimfokea mpaka mate yakamrukia, na Tunu akasema, ndiyo, bibi. Jumatatu akasimama mbele ya darasa, mwalimu akiwa pembeni, akayasema tena.

Jumapili iliyofuata yule mwanamke wa nusu kichwa akawa wa kwanza kurudi mkekani. Baada yake akaja mwingine. Mwezi ulipofika, basi la Masasi liliondoka, lakini Mama Flaviana alikuwa kibarazani na vichwa vitatu vinamsubiri. Flaviana alikaa ncha ya dawati wiki nzima. Wiki ya pili akaomba kifutio. Wiki ya nne wakaanza kugombea nafasi ya viwiko kama zamani.

Ila Mama Flaviana, kila Tunu alipopita na kumwamkia, aliitikia marahaba, basi. Tunu hakuuliza tena. Alitumwa chumvi, akapita; alitumwa mkaa, akapita. Miezi mitano ikaenda hivyo. Nywele zikaota, kwanza kama vumbi, kisha kama zulia. Mahali pa utosi zilichelewa, lakini nazo zikaja.

Jumapili moja alikuwa akipita na ndoo tupu, na kibaraza hakikuwa na mteja. Akaamkia. Akaitikiwa. Alipokuwa amepiga hatua tatu akasikia anaitwa.

"Weka ndoo hapo. Njoo."

Akaenda. Mama Flaviana akamvua mtandio, akapitisha kidole kwenye utosi, pale palipokuwa pameungua, polepole, kama mtu anayesoma. Akachota mafuta kwenye kopo, akayasugua viganjani mpaka yakapata joto. Akanyoosha mguu, akausogeza mkeka karibu.

"Kuna kitu uliniuliza," akasema.

Tunu alitikisa kichwa kukubali.

"Ndiyo. Nimekusamehe. Sasa kaa, uiname kidogo, hapa nyuma ni pafupi."